Maziwa Yakilala

Ukifunua sufuria alfajiri, usikoroge kwanza. Iinamishe kidogo. Mtindi ulioganda sawasawa hubanduka ukingoni wote kwa pamoja, kama mtu mzima anayejigeuza usingizini, na pale ulipobanduka hutokea mstari mwembamba wa maji ya manjano yenye ukijani. Halafu chukua kijiko, ukate. Pande litoke na kona zake, na shimo linalobaki liwe na kuta zilizosimama. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado kila mara nasimama pale jikoni nikilitazama shimo lile likijaa maji polepole.

Alinifundisha shangazi yangu, huko Njombe, ambako Juni na Julai kuna asubuhi unaamka ukakuta sakitu imeyafanya majani kuwa meupe. Kule maziwa hayalali bila kufunikwa. Shangazi aliizungushia sufuria khanga mbili kuukuu, juu yake blanketi, akaiweka karibu na mafiga yaliyobaki na jivu la moto. Hata hivyo tulingoja siku mbili. Nilipohamia Dar es Salaam nilikuja na hesabu zake zilezile, nikaharibu. Januari hapa, maziwa yaliyotiwa mbegu saa mbili usiku yako tayari alfajiri. Ukiyasahau hadi adhuhuri yanakuwa makali, yamejitenga, na malai ya juu yametoboka kwa mapovu. Ilinibidi nijifunze upya, si kwa saa ya ukutani bali kwa kugusa ubavu wa sufuria na kunusa chini ya kifuniko.

Wakenya huyaita maziwa lala, na ndimi zenye haraka zimefupisha zikasema mala. Sijui jina lililo sahihi zaidi kuliko hilo. Kazi yote ya mtengenezaji ni kuyatandikia maziwa kitanda, kisha kuondoka.

Kitanda chenyewe huanzia motoni. Maziwa yakishaanza kupanda, shangazi alipunguza kuni akayaacha yachemke taratibu, huku anakoroga, kwa muda wa kutosha kuosha vyombo vya jioni. “Yaache yaive,” alisema, basi, bila maelezo. Baadaye nilisoma sababu: moto mkali, wa nyuzi 85 na kuendelea, hulegeza protini fulani za maziwa, zikashikamana na zile zinazoganda, na ndiyo maana mtindi wa maziwa yaliyoiva vizuri huwa mzito bila kuongezwa kitu. Moto huohuo huua vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Hapo nasema wazi: maziwa mabichi yasigandishwe hivihivi. Ukali wa mtindi si dawa ya kutegemea kuua maradhi hayo, na homa ya brusela inaweza kumtesa mtu kwa miezi.

Bibi yetu hakuchemsha. Yeye alimimina kwenye kibuyu. Sina ugomvi na kibuyu hata kidogo. Nakiheshimu kuliko chombo chochote cha dukani. Wakalenjini husugua ndani ya kibuyu chao kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, na mursik inayotoka humo ina vidoa vya kijivujivu na harufu ya moshi. Ndiyo wanayonyweshwa wanariadha wao wakirudi na medali. Wamaasai hutumia kijinga cha mzeituni mwitu, oloirien, wakakisukumia ndani kingali na moto. Moshi ule unasafisha, unakausha, na unaweka ladha ambayo sufuria ya alumini haitaijua kamwe. Unaweza kuchemsha maziwa kwanza, yakapoa, ndipo ukayamimina kwenye kibuyu chako. Hakuna kinachopotea.

Baada ya moto, kupoza. Kwa mtindi wetu, yafikie uvuguvugu ambao kidole hakiushtukii. Ukitaka yoguti ya aina ya Ulaya, yaweke yakiwa na joto zaidi, nyuzi 43 hivi, uyatunze katika joto hilo saa sita hadi nane, kwa sababu bakteria wake wanapenda joto. Wa mtindi wanatosheka na joto la chumba. Mbegu ni vijiko vitatu vya mtindi wa jana kwa lita tatu. Ikoroge kwanza pembeni na maziwa kidogo hadi ilainike, ndipo uimimine, uzungushe mwiko mara tatu, ufunike. Kisha usiguse. Usitikise, usichungulie, usihamishe. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, hasa wenye mikono ya bidii.

Yanayotokea humo ndani yalimshughulisha hata Joseph Lister, yule daktari mpasuaji wa Uingereza aliyewafundisha wenzake kupambana na vijidudu vya vidonda. Mwaka 1878 alizimua maziwa yaliyochacha mpaka akapata kijidudu kimoja peke yake, akakiotesha. Ni jamaa huyohuyo aliye kwenye kijiko chetu cha mbegu: anakula sukari ya maziwa, anatoa asidi, na asidi ikizidi kiasi fulani protini huacha kuelea, zinashikana mikono. Ndiyo maana pia wengi wanaojaa tumbo kwa maziwa freshi hunywa mtindi kwa amani. Sehemu ya sukari ile imekwisha kuliwa.

Lakini kilichonifanya niupende ufundi huu kwa moyo wote si utamu wala afya. Ni siku maziwa yaliponigomea.

Asubuhi ya kwanza niliyakuta vilevile nilivyoyaacha, mepesi, yanacheza kama maji. Nikadhani mbegu imechoka. Nikaomba nyingine kwa jirani ambaye mtindi wake haukuwahi kuharibika. Asubuhi ya pili, yaleyale. Ya tatu yalikuwa na harufu, ila si ya uchachu. Yalivutika kijikoni kama mlenda na kuacha uchungu kwenye ulimi. Nikayamwaga. Kumwaga lita tatu za maziwa kunauma, kwa aliyelelewa na mtu aliyesuuza sufuria akanywa masuuzo.

Muuza maziwa wangu hutoka Pugu kwa baiskeli. Nilimngoja getini.

“Kaka, haya maziwa yana nini?”

“Yana nini tena, dada? Nimekamua mwenyewe.”

“Hayagandi. Siku ya tatu leo.”

Akashika usukani, akatazama chini. “Kuna mmoja alikuwa anaumwa kiwele. Kachomwa sindano. Sikujua kama inafika huku.”

Ilikuwa imefika. Dawa ya antibayotiki iliyomponya ng'ombe ilikuwa imepita hadi kwenye maziwa, ikawaua wale bakteria wangu kila jioni nilipowatia, na kuchemsha hakukusaidia. Kwenye chai nisingejua kamwe. Maziwa yalipanda povu, yalikuwa meupe, ladha ileile, na wanangu walikuwa wameyanywa. Katika vitu vyote vya jikoni kwangu, mtindi peke yake ndio uliokataa. Tangu siku hiyo nagandisha kila wiki hata kama hakuna anayeutamani, kwa sababu ndivyo ninavyoyauliza maziwa yametoka wapi na yamepitia nini. Yakiwa yametiwa maji, mtindi hulegea na kuogelea. Yakikaa mno juani kabla ya kufika, hukatika motoni hata kabla sijatafuta mbegu.

Hatukugombana. Nilimweleza kwamba daktari wa mifugo akitoa sindano hutaja pia siku za kungoja kabla maziwa hayajanywewa, naye akasema kweli alitajiwa, ila siku hizo zilikuwa na ada ya shule. Nilikaa na jibu hilo muda mrefu.

Wiki mbili zilizopita alifika na kidumu kimoja badala ya viwili. “Dada, yule mweusi yuko kwenye dawa. Haya ni ya wenzake tu. Ya kwake nitaleta siku zake zikiisha.” Nikamlipa, nikayachuja, nikayaweka motoni. Usiku nikaifunika sufuria kwa kitenge na kuiacha pembeni ya meza.

Asubuhi alipopita nilimtolea bakuli. Alikunywa akiwa amesimama, baiskeli imeegemea nyonga yake, akafuta mdomo kwa kiganja, akatazama ndani ya bakuli. Kisha akauliza kama ningeweza kumpa mbegu kidogo, ampelekee mama watoto.