Saini ya Februari 2013

Waliofuatilia kesi ya madeni ya siri ya Msumbiji kwenye televisheni, ikirushwa moja kwa moja kutoka kwenye hema ndani ya gereza la B.O. nje kidogo ya jiji la Maputo, walishibishwa habari za magari, majumba na mamilioni yaliyogawiwa ndugu na marafiki. Habari hizo zimelifunika kosa lenyewe. Kosa lilifanyika mezani, kwa kalamu, mwishoni mwa Februari 2013, pale Manuel Chang, Waziri wa Fedha wa Msumbiji, alipotia saini dhamana ya serikali kwa mkopo wa dola milioni 372 wa kampuni ya Proindicus. Baada ya saini hiyo njia ilikuwa nyeupe kwa kila aliyetaka kula.

Tuitazame polepole, maana bado wapo wanaoitetea. Ibara ya 179 ya Katiba ya 2004 ililipa Bunge la Jamhuri mamlaka ya kuidhinisha mikopo inayovuka mwaka wa bajeti na kuweka kikomo cha dhamana za serikali. Kikomo cha mwaka ule kilikuwa sawa na dola milioni chache tu. Waziri aliyeipeleka bajeti hiyo bungeni, aliyeijua kasma kwa kasma, akadhamini kiasi kinachokizidi kikomo chake mwenyewe mara makumi. Kabla mwaka haujaisha akaidhamini kampuni ya pili, EMATUM, kwa dola milioni 850. Mei 2014 ikaja zamu ya kampuni ya tatu, MAM, milioni 535. Proindicus nayo ilikuwa imeongezewa hadi 622. Jumla ikafika dola bilioni 2, na hata mbunge mmoja hakuulizwa.

Utetezi wa kwanza ni usiri: miradi ilikuwa ya ulinzi wa pwani, kwa hiyo haikufaa kutajwa hadharani. Hoja hii siikubali hata kidogo. Siri ya ulinzi inafunika mahali rada itakaposimikwa na doria itakapopita. Bei ya boti na riba ya benki hazimo humo. Bunge lina kamati ya ulinzi na usalama, inaweza kufunga mlango, ikasikia, ikakataa au ikakubali. Isitoshe, mabenki ya Ulaya na Urusi yaliuona mkataba. Iweje karatasi inayosomwa na karani wa benki London iwe siri kwa mbunge wa Cabo Delgado?

Utetezi wa pili ndio unaonikera zaidi: alitumwa. Mawakili wake waliusema mahakamani Brooklyn, Marekani, kwamba alitekeleza tu matakwa ya serikali. Baraza la wazee wa mahakama halikuwasikiliza. Agosti 2024 alitiwa hatiani, na Januari 2025 akahukumiwa miaka minane na nusu, waendesha mashtaka wakisema alipokea hongo ya dola milioni 7. Lakini hebu tuiweke hongo kando. Tuseme hakula hata senti. Saini ile ingebaki mbovu vilevile, kwa sababu sheria ilimweka pale ili awe mtu wa kukataa. Anayeomba fedha ni mmoja, anayeidhinisha ni mwingine, anayelipa ni wa tatu. Nimeiandika kanuni hii tangu zamani na nitaendelea kuiandika, kwani kila kashfa ninayoichambua huanzia pale watu hao watatu wanapogeuka kuwa mmoja. Alichotakiwa kufanya Chang kilikuwa dokezo la mistari mitatu: kiasi kinazidi kikomo cha sheria ya bajeti, jalada lipelekwe bungeni, narudisha. Kama Rais angemfukuza kwa dokezo hilo, lingebaki jaladani, na atakayemrithi angelikuta.

Upande wa pili wa meza alikaa António Carlos do Rosário, afisa wa idara ya ujasusi, SISE, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi wa kampuni zote tatu. Huyu ndiye meneja mpya wa hadithi yetu, na wanaopewa ofisi kwa mara ya kwanza wamsome vizuri. Fedha za mikopo hazikupita kwenye akaunti ya kampuni hata moja Maputo. Mabenki yalimlipa muuzaji, Privinvest, moja kwa moja. Kwa hiyo meneja alikuwa na deni, alikuwa na cheo, lakini hakuwa na daftari la fedha la kukaguliwa. Wakaguzi wa Kroll walipofika 2017 wakakosa maelezo ya dola milioni 500. Boti ya uvuvi iliyoandikwa kwenye ankara dola milioni 22.3, mtaalamu wao aliikadiria milioni 2. Meneja wa duka la vipuri Nampula hanunui mota ya boti bila kuomba bei kwa wauzaji wawili au watatu, kisha anaambatanisha makaratasi yote kwenye vocha. Huyu alinunua kundi zima la meli kwa muuzaji mmoja. Mahakama ya Maputo ilimpa miaka 12.

Mahakama ile, niseme haki, iliendesha vikao vya wazi kwa washtakiwa 19 na ikatoa hukumu Desemba 2022, na Baraza la Katiba lilikwisha kuzibatilisha dhamana zenyewe.

Nenda sasa Macaloe, kisiwa cha Wamwani mkabala na pwani ya Macomia, Cabo Delgado. Kwenye karatasi, kampuni hizi zilikuwa kwa ajili ya watu kama wao: EMATUM ivue jodari, Proindicus ilinde bahari. Wavuvi wa pwani hii wanajua matumizi yanavyosimamiwa. Chombo kikifika ufukweni, samaki humwagwa mchangani, fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha na mafungu ya mabaharia yanatengwa mbele ya macho ya wote, na baharia mdogo kuliko wote ana haki ya kusema fungu hili limepungua. Nahodha mpya akigawa peke yake kichakani, safari ya pili hapati watu. Meli 24 za EMATUM zilizoundwa Cherbourg ziliishia kufungwa gatini Maputo. Vita vya waasi wa Cabo Delgado vilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, ulinzi ule wa mamilioni haukuonekana. Mwaka 2020 watu wa visiwa na pwani ya Macomia waliondoka kwa madau yao wenyewe, wamejazana na watoto na vyungu, wakateremka ufukweni Paquitequete, Pemba, kwa maelfu. Utafiti wa CIP, Centro de Integridade Pública, na taasisi ya Chr. Michelsen wa 2021 ulikadiria hasara ya nchi kuwa angalau dola bilioni 11. Sehemu ya hasara hiyo ni wale waliolala mchangani Paquitequete.

Wazee wetu walikuwa na desturi nyingine. Mwaka 1980 Rais Samora Machel aliingia maghalani na bandarini mwenyewe, akawauliza mameneja mbele ya wafanyakazi wao kwa nini bidhaa zinaoza. Lakini kwa meneja mpya mfano ninaouweka juu ya yote ni António Siba-Siba Macuácua. Aprili 2001 Benki Kuu ilimtoa kwenye idara yake ya usimamizi wa mabenki, akiwa na miaka 33, ikampa Banco Austral iliyokuwa taabani baada ya wanahisa binafsi kuitelekeza. Cheo cha muda, benki tupu, wadaiwa wenye majina makubwa. Kijana angeweza kukaa kimya miezi michache na kukabidhi ofisi.

Angalia mpangilio wa kazi yake. Alianza na orodha: nani anadaiwa, kiasi gani. Akapitia mikataba iliyokuwa ikiinyonya benki na kuivunja. Wasiolipa akayachapisha majina yao katika gazeti la Notícias, mamia kwa mamia, kila mtu ayasome. Hakuomba mamlaka mapya. Alitumia yale aliyopewa, akayatumia hadharani, na kila hatua iliacha karatasi ambayo mkaguzi angeweza kuishika. Saini ya Siba-Siba ilikuwa ya kudai fedha za umma zirudi. Saini ya Chang, miaka 12 baadaye, ilizitoa. Nchi ilikwisha kuona kazi hii inavyofanywa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia kwamba waliosaini 2013 hawakuwa na mtu wa kumwiga.

Jumamosi ya tarehe 11 Agosti 2001 Siba-Siba alikwenda ofisini, akauawa, mwili wake ukatupwa kwenye uwazi wa ngazi za jengo la makao makuu ya benki. Benki ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Kesi ya madeni ya siri imekwisha kusikilizwa Maputo, Brooklyn na London. Kwa kifo cha Siba-Siba hajahukumiwa mtu.