Kaseti Nne Ndani ya Flashi Moja

Kibanda cha fundi huyu kiko karibu na soko la Kakamega: mlango mmoja, meza moja, kompyuta, na runinga ndogo iliyotundikwa ukutani. Nilifika saa tatu asubuhi nikiwa na flashi ya gigabaiti 16 mfukoni. Tulipeana salamu ya mulembe, akanivutia kigoda, kisha kabla hata ya kuipokea flashi akaniuliza maswali mawili. "Mwalimu, runinga ya nyumbani ni ya aina gani? Na rimoti atashika nani?"

Runinga ni ya inchi 24, nikamjibu, na rimoti atashika mama yangu, kule Shinyalu, ambaye macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Akaandika majibu yote mawili kwenye daftari. Baadaye nilielewa kwamba kila alichokifanya siku ile kilitoka kwenye mistari hiyo miwili.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza wiki moja nyuma, nilipomwachia kaseti nne za marehemu baba. Tatu ni za omutibo, gita la huku kwetu Magharibi mwa Kenya, lile alilolipiga George Mukabi mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1963. Gita kavu huchezwa kwa vidole, na pembeni mtu hukwaruza chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Chupa hiyo ndiyo inayoshika mwendo. Kaseti ya nne ni ya isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo dansi yake UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Kaseti haina njia ya mkato. Ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuingia kwenye kompyuta, na fundi hukaa nayo muda wote huo. Alinionyesha alivyofanya. Kwanza alisafisha kichwa cha deki kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, akaitazama pamba, akarudia mpaka ikatoka nyeupe. Kisha akachomeka penseli kwenye tundu la kaseti na kuuzungusha mkanda polepole, ili sehemu zilizolegea zikazike kabla deki haijauvuta. Halafu akajaribu wimbo wenye kelele kuliko zote, akitazama vipimo vya sauti kwenye skrini, na kushusha kiwango hadi taa nyekundu zikaacha kuwaka. Sauti iliyoingia ikiwa imepasuka haishoneki tena.

Sasa aliigeukia flashi. Aliipangusa meno yake kwa kitambaa, akaichomeka, na kabla ya kufungua chochote akairuhusu programu ya kuwinda virusi ipite. Flashi za mjini hupita mikononi mwa watu wengi, na kuna virusi vinavyoficha faili halisi na kuacha vivuli vyake tu. Iliporudi safi, akaanzisha programu nyingine inayoijaza flashi mpaka pomoni kisha kuyasoma yote yaliyoandikwa. Ziko flashi zilizoandikwa gigabaiti 16 kwa nje ilhali ndani hazifiki hata nusu. Nazo hupokea kila kitu bila kulalamika, mpaka siku unapotaka kusikiliza. Kipimo hicho kilichukua zaidi ya nusu saa. Ya kwetu ilikuwa ya kweli.

Muda huo hakuupoteza. Akiwa na hedifoni masikioni, alikata kila upande wa kaseti kuwa nyimbo moja moja. Kwenye skrini sauti ilionekana kama mlolongo wa vilima, na katikati ya kilima na kilima bonde jembamba la kimya. Fundi hakati katikati ya bonde. Huacha sekunde mbili baada ya mwangwi wa mwisho wa gita kufa, kwa sababu, alisema, wimbo nao unataka kumaliza pumzi yake. Nyimbo 64, na kila mmoja aliusikiliza mwanzo wake na mwisho wake.

Faili hizo zilikuwa bado nzito, karibu megabaiti 10 kwa kila dakika. Akazigeuza kuwa mp3, jina ambalo wahandisi wa Fraunhofer kule Ujerumani walilichagua Julai 1995, na ambalo leo karibu kila runinga inalijua. Hapa kulikuwa na uamuzi wa kufanya. Alinivika hedifoni, akaniwekea wimbo mmoja uliobanwa kwa kilobiti 96 kwa sekunde. Gita lilikuwa sawa, sauti ya mwimbaji ilikuwa sawa. "Sikiliza chupa," akasema. Nikasikiliza. Mkwaruzo wa chupa ulikuwa umegeuka mvumo, kama mchanga unaomwagwa. Akaniwekea wimbo uleule kwa kilobiti 320, na chupa ikarudi kuwa chupa: nilisikia chuma kikipanda mbavu za kioo, moja baada ya nyingine. Kubana sana huanza kwa kula sauti nyembamba na za ghafla. Nafasi tulikuwa nayo tele; saa nne za muziki kwa kiwango hicho hazifiki hata megabaiti 600. Akachagua 320, na akachagua kiwango kisichobadilika njiani, kwa kuwa runinga nyingine hukosea kuhesabu dakika za wimbo uliobanwa kwa viwango vinavyopanda na kushuka.

Ndipo akafomati flashi. Kompyuta ilimpa aina tatu za mpangilio, naye akachukua ule mkongwe, FAT32, uliotoka mwaka 1996. Hauwezi kubeba faili moja ya gigabaiti 4 au zaidi, na kwa hiyo filamu kubwa hukwama, lakini wimbo wetu mrefu kuliko zote haukufika hata megabaiti 15. Kilichompendeza fundi ni kwamba mpangilio huo hueleweka na karibu kila mashine, mpya na kuukuu. Kompyuta ikaomba jina la flashi. Nilipendekeza "Nyimbo za Mama". FAT32 hupokea herufi 11 tu, nafasi zikiwemo, basi akaandika MAMA, kwa herufi kubwa.

Majina ya nyimbo alitaka niyasome mimi. Nikashika vifuniko vya kaseti, nikasoma mwandiko wa baba, wino wa buluu uliofifia, upande A halafu upande B, naye akaandika nikimtajia. Kila jina alilitanguliza kwa namba: 01, 02, 03. Sifuri hiyo ya mbele ina kazi yake. Ukiandika 1, 2, 3 peke yake, runinga nyingi huisoma 10 kabla ya 2, kama mtu anayepanga maneno kwa kamusi. Aliondoa alama za kuuliza na nukta za ovyo, akafupisha majina marefu ili yatoshee kwenye skrini. Folda zikawa nne, kaseti moja kila folda, zote mlangoni mwa flashi, pasiwe na folda ndani ya folda ya kumpoteza mama.

Alizinakili folda moja baada ya nyingine, akaitoa flashi kwa utaratibu, akisubiri kompyuta iseme iko tayari, kisha akaichomeka kwenye runinga ya ukutani. Hapo ndipo wengi wangenikabidhi. Yeye alichukua rimoti na kupiga wimbo wa kwanza, sekunde kumi, wa pili, sekunde kumi, akiuruhusu kila mmoja uite ule unaofuata. Folda ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Katika folda ya tatu, wimbo wa tisa, runinga ikaandika kwamba haiwezi kuisoma faili.

Wimbo huo ulikuwa na historia yake. Mkanda ulikuwa umeliwa mahali hapo, nami nikauleta kutoka kwenye simu yangu. Fundi aliifungua faili na kuitazama ndani: ilikuwa m4a, mtu aliibadilisha jina tu iitwe mp3. Kompyuta ilisoma yaliyomo, ikasamehe. Runinga ilisoma jina, ikakuta ndani kitu kingine, ikakataa. Akaigeuza ipasavyo, akaipima sauti yake ilingane na za jirani zake.

Nilidhani ataitumbukiza na tutaondoka. Akatikisa kichwa. Ziko runinga zisizotazama namba hata kidogo, alieleza; hucheza nyimbo kwa kufuata ni upi ulioandikwa kwanza kwenye flashi. Wimbo ulioingia mwisho utachezwa mwisho. Hatukujua runinga ya Shinyalu ni ya kundi gani. Basi akaifomati flashi tena, akaandika tena MAMA, akaanza upya kunakili, folda ya kwanza, wimbo wa kwanza. Mvua ya alasiri ilianza kupiga mabati. Umeme uliyumba mara moja, akaacha mikono juu ya meza, akangoja utulie. Kisha akarudi kwenye rimoti na kuzijaribu zote 64 tangu mwanzo, sekunde kumi kumi, kwa utulivu uleule wa mara ya kwanza. Wimbo wa tisa ulipoanza, alisogeza sikio kwenye spika akaitafuta chupa, akaipata.

Alimaliza kwa kufunga uzi mwekundu kwenye pete ya flashi, mama asiitafute kwa kupapasa, na kuandika karatasi kwa kalamu nene: chomeka, bonyeza kitufe hiki, chagua USB, bonyeza OK mara mbili. Karibu na kila neno alichora kitufe chenyewe, umbo lake na mahali kilipo kwenye rimoti.

Nilipanda matatu, nikapita Jiwe Linalolia pale Ilesi, nikakata kona Khayega, nikafika Shinyalu giza likiingia. Mama aliisoma karatasi kwa kuishika mbali na macho, akachomeka mwenyewe, akabonyeza mwenyewe. Gita likaanza, na chupa. Alikaa kimya wimbo wote. Ulipokwisha, katika zile sekunde mbili ambazo fundi aliziacha, kabla runinga haijatoa sauti yoyote, mama alianza kuimba kwa sauti ya chini mwanzo wa wimbo unaofuata, kama ulivyofuata miaka yote kwenye kaseti ya baba. Runinga ikamfuata.