Ni Nani Bwana Katika Mahubiri Yetu?

Jumapili moja katika majuma yaliyopita nalikwenda kusali katika kanisa moja la hapa Buswelu, ambalo sitalitaja jina, kwa kuwa jirani yangu alikuwa amenisihi siku nyingi niende nikasikie. Nyumba ilijaa hata watu wakasimama nje chini ya mwembe, na vipaza sauti vilisikika mpaka barabarani wanapongojea abiria vijana wa bodaboda. Mhubiri, kijana mwenye sauti nzuri na ayajuaye Maandiko kwa moyo, akafungua Samweli wa Kwanza mlango wa 17, habari za Daudi na Goliathi. Nami kwa kuwa ni mwalimu, na mazoea ya kusahihisha madaftari hayaniachi hata kanisani, nalisikiliza kama mwalimu asikilizavyo.

Alisema ya kwamba kila mmoja wetu ni Daudi. Goliathi ni deni la kikoba. Ni mwenye nyumba adaiye kodi. Ni mkubwa wa kazi azuiaye cheo chako. Ni jirani mwenye jicho baya. Mawe matano ya kijitoni aliyapa majina yake, na la tatu likaitwa sadaka, na hapo alikaa kuliko mawe mengine yote. Nikaanza kuhesabu kwa vidole ni mara ngapi asema “wewe,” na “kwako,” na “chako”. Vidole vikaisha kabla hajalimaliza jiwe la kwanza. Kisha nikahesabu ni mara ngapi Mungu atajwa kuwa ndiye atendaye kwa shauri lake mwenyewe, si kama mtu aliyetumwa kuleta kitu. Hapo vidole vya mkono mmoja vilitosha.

Sasa msomaji na aufungue mlango huo mwenyewe, asome aya ya 46 na ya 47. Daudi aeleza kwa kinywa chake sababu ya vita ile: dunia yote ipate kujua ya kuwa yuko Mungu katika Israeli, na mkutano wote uliosimama pale ujue ya kuwa vita ni vya Bwana. Kweli, thawabu ya mfalme ilikuwa imekwisha kutangazwa, mali na binti na kuondolewa kodi, na Daudi aliiuliza habari yake; sifichi neno hilo. Lakini alipomkaribia yule Mfilisti hakuitaja tena. Mhubiri wetu aliziruka aya hizo mbili. Sidhani kwamba alitaka kuzificha. Nadhani hakuona kazi yake, kwa maana katika mahubiri ya namna ile hazina kazi.

Wala mtu asidhani ya kuwa nawacheka walioketi kwenye viti vile. Naliketi kati ya mama auzaye dagaa na mzee mkulima wa pamba, na mbele yangu alikuwa mama kijana aliyempakata mtoto mwenye selimundu, ugonjwa unaosumbua nyumba nyingi za kanda hii ya ziwa. Wana haki ya kulia mbele za Mungu kwa ajili ya mtoto na mkate; Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba mkate. Tena sisi wa makanisa ya zamani tusijitakase. Mara ngapi wagonjwa wetu wamelala mwezi mzima bila mzee wa kanisa kupiga hodi? Mara ngapi mahubiri yetu yamesomwa kama tangazo la kodi? Watu hawakutuacha bure.

Walakini katika Sala ya Bwana mkate hauji kwanza. Hutangulia jina lake, na ufalme wake, na mapenzi yake. Na mpangilio huo ukipinduliwa, maneno yale yale yaweza kubaki yote na dini ikawa nyingine. Ndivyo alivyokosea Simoni wa Samaria katika Matendo mlango wa 8. Alibatizwa, akashikamana na Filipo, akastaajabia ishara. Kisha alipoona uwezo wa mitume akatoa fedha ili naye aupate. Hakumkana Mungu hata kidogo, bali alitaka kumtumia.

Nasi katika nchi yetu tumeuona mwisho wa kumtafuta Mungu kwa mikono ya kunyakua. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja wa mjini Moshi, watu waliusonga mlango mmoja wapate kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako, wakakanyagana wao kwa wao, na watu 20 wakafa. Waliofika pale walikuwa na shida za kweli. Lakini walikuwa wamefundishwa ya kwamba baraka ni kitu kilichomwagwa mahali, na anayechelewa hukikosa. Na mtu aliyefundishwa hivyo atamwonaje mwenzake aliyeanguka mbele yake?

Kuna kipimo kingine, nacho kiko karibu na nyumba zetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800, na wengi wao wamezikwa Igoma, si mbali na hapa. Je, wote walikosa mawe matano? Hawakuwamo waombaji ndani yake, na watoa fungu la kumi, na mama walioimba njiani? Tukirudi nyuma zaidi, kiko kijiji cha Kageye, ufukoni katika wilaya ya Magu, ambako Daktari John Smith, mmoja wa wamisionari wa kwanza kufika ziwa hili, alikufa kwa ugonjwa mwaka 1877 kabla hajapata kufanya kazi aliyoijia. Mwaka ule ule wenziwe wawili, Shergold Smith na O’Neill, wakauawa Ukerewe. Alexander Mackay naye akafa kwa homa huko Usambiro, kusini mwa ziwa, tarehe 8 Februari 1890. Kwa hesabu ya mahubiri niliyoyasikia, hao wote walishindwa na Goliathi. Nami nimeyasikia mahubiri hayo tena na tena, redioni na katika mikutano ya uwanjani, wala sijasikia bado yakiwapa watu wa namna hii mahali pao.

Ibada ilipokwisha nalimngojea yule mhubiri chini ya mwembe. Akanisalimu vizuri, “Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mungu amekupa sauti. Nina swali moja tu: mahubiri haya ya leo waweza kuyahubiri Igoma, tarehe 21 Mei, mbele ya wafiwa?”

Nalidhani atanijibu upesi, kwa kuwa vijana hawa ni wepesi wa jibu. Akatazama chini muda mrefu, kisha akasema, “Mwalimu, baba yangu mkubwa yuko Igoma. Sijapata kuhubiri juu yake.”

Sikuwa na neno tena la kukosoa. Naye akaniuliza, “Ungekuwa wewe, ungesoma nini pale?”

Nikamwambia Zaburi ya 88. Akaitafuta katika Biblia yake, tukaisoma kwa zamu, aya yeye, aya mimi, huku vijana wakizikunja nyaya za vipaza sauti karibu yetu. Mtu yule aliyeitunga amlilia Mungu mchana na usiku, amwuliza kwa nini amemtupa, wala hajibiwi; na zaburi inakwisha gizani, hali yeye angali akisema na Mungu.

“Imeishia hapo?” akauliza.

“Imeishia hapo.”

Akaigeuza karatasi ahakikishe.