Kabla, Baada na Ngozi Inayobaki

Picha za "kabla na baada" zina kanuni kali kuliko shairi la kimapokeo. Huwa mbili, zimebandikwa ubavu kwa ubavu. Kushoto mtu ni mnene, mwanga ni hafifu, na hacheki. Kulia ni mwembamba, amesimama wima, nguo imemkaa, jua limempiga usoni. Chini yake kuna idadi ya kilo na idadi ya miezi. Msomaji anatakiwa aende kutoka kushoto hadi kulia, ashangae, kisha aulize siri ni nini. Washairi wetu huhesabu mizani. Wenye picha hizi nao wana mizani yao.

Nimezisoma nyingi, na nina sababu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Ngara, na kabla ya hapo nilikuwa Biharamulo. Kati ya mwaka 2021 na 2023 nilipungua kilo 43, kutoka 121 hadi 78, baada ya kuambiwa nina kisukari. Siri haikuwapo. Ugali ulipungua kwenye sahani, soda iliondoka mezani, na vilima vya Ngara vinamtosha kwa mazoezi mtu asiye na pikipiki. Kilo zilikwenda, ngozi ikabaki. Inaning'inia chini ya mikono na upande wa ndani wa mapaja, na tumboni imejikunja kama kitenge kilichofungwa kikalegea. Katika picha ya kulia ngozi hiyo haionekani, na sidhani kwamba imesahauliwa. Aina hii ya picha haiwezi kuivumilia.

Maelezo ya kitabibu ni mepesi. Ngozi hushikiliwa na nyuzi za protini, kolajeni na elastini, zinazoiwezesha kutanuka na kurudi. Ikitanuliwa kwa miaka mingi nyuzi hizo huharibika, na mafuta yaliyokuwa chini yake yakiondoka hazina tena nguvu ya kuirudisha ilipokuwa. Umri unachangia, ujauzito pia, sigara na jua pia, na zaidi ya hapo wingi wa kilo zilizoondoka na miaka ambayo mtu alikaa nazo. Mafuta ya kupaka yanayouzwa kwa ahadi ya kukaza ngozi hayaleti tofauti kubwa. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito hujenga misuli, nayo hujaza sehemu ya nafasi iliyoachwa. Kinachoiondoa ngozi yenyewe ni kisu, na kisu huacha kovu refu. La tumboni huweza kutoka nyonga moja hadi nyingine. Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ina huduma ya namna hiyo, lakini kutoka Ngara ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kabla hujauliza bei. Kwa wengi wetu, basi, ngozi ni ya kuishi nayo: kukausha jasho chini ya mkunjo wa tumbo kila jioni ili pasichubuke na kuota fangasi, na kuikunja vizuri ndani ya nguo ya ndani asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Sasa zirudie picha hizo ukijua hilo. Utaona kwamba upande wa kulia suruali imepandishwa hadi juu ya kitovu. Mikono imeshikwa kiunoni, ili nyama ya chini ibanwe isidondoke. Blauzi ina mikono mirefu hata kama picha imepigwa ufukweni. Mtu anaonekana kwa mbele, mara chache kwa ubavu, na hainami kamwe. Haya yote ni kazi ya mtunzi, na yana shabaha moja. Picha inadai kwamba mtu wa kushoto amekwisha na wa kulia ni mwingine. Ngozi iliyolegea inaukana uongo huo, kwa sababu ni ya wote wawili. Ilikua na yule mnene, na imebaki na huyu mwembamba. Ikiingia kwenye fremu, mstari ulio katikati ya picha mbili hauna kazi tena.

Hadi hapa nimeisoma picha kama wanavyoisoma watu wa mtandaoni popote. Ukiileta Kagera inakuta wasomaji wengine, waliofundwa kusoma miili na maandiko ya zamani kuliko Instagram.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitaalamu, watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka Waganda waliuita Slim, yaani mwembamba, na mwaka 1985 jina hilo la mitaani likaingia hata kwenye kichwa cha makala ya madaktari katika jarida la The Lancet. Ugonjwa ulitambuliwa kwa macho kabla haujatambuliwa kwa kipimo, na macho yalitafuta kitu kimoja: nguo kubwa juu ya mwili uliopungua. Lugha nayo ilisaidia. Neno la kwanza ndani ya UKIMWI ni Upungufu. Nikisema "nimepungua" nikiwa Ngara, ninatumia kitenzi ambacho kwa miaka arobaini kimekaa jirani na nomino hiyo.

Shuleni tuliendeleza usomaji huo bila kukusudia. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne walisoma tamthilia za Orodha, ya Steve Reynolds, na Kilio Chetu, ya Medical Aid Foundation. Orodha ni kazi ninayoiheshimu. Kijiji kinahofia kwamba msichana Furaha ameacha orodha ya wanaume aliolala nao, na barua inaposomwa msibani inageuka kuwa ya mambo mengine kabisa, mambo ambayo angeyapata yangemwokoa. Ni tamthilia inayowaumbua watu wanaojiona wanaujua ukweli wa mtu kabla hajasema. Lakini nimetazama wanafunzi wakiigiza kurasa zake mara nyingi, na kila mara Furaha anapougua wanafanya jambo lile lile: wanamvika gauni la mtu mkubwa, wanampaka unga usoni, wanamwambia alegeze mabega. Kitabu kinashutumu usomaji wa haraka, na jukwaa linaufundisha upya.

Upande wa Ngara kuna ukurasa mwingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama saa 24, na Benaco ikawa kambi yenye watu wengi kuliko miji yetu. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka miili ile. Mwembamba wa ghafla hapa kwetu, kwa hiyo, ana maana mbili tu alizoachiwa na historia: mgonjwa au mkimbizi. Maana ya tatu, mtu aliyeamua, haijapata muda wa kuota mizizi.

Ndiyo maana kilo 43 zangu hazikupata pongezi. Walimu wenzangu walinipa pole. Mama mmoja sokoni alinishika mkono juu ya kiwiko, mahali ngozi inaponing'inia, akauliza kwa upole, "Mwalimu, umeanza dawa?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasoma alichofundishwa, na mkono wangu ulikuwa andiko analolifahamu. Mtu aliyezaliwa mwembamba hazui maswali. Kinachozua maswali ni ngozi, kwa sababu inaonyesha kwamba hapo palikuwa na kitu kimeondoka.

Usomaji huu unagharimu watu afya. Namfahamu mwanamke wa Biharamulo mwenye presha aliyeshusha kilo 16, kisha akazirudisha kwa makusudi baada ya wakwe kuanza kunong'ona. Na usomaji huo si sahihi hata kwa ugonjwa wenyewe. Mtu anayeishi na virusi na kunywa dawa zake vizuri leo anaweza kuwa na mashavu yaliyojaa kuliko mkaguzi wake. Picha ya mgonjwa tunayoibeba vichwani ni ya miaka ya themanini, na bado tunaitumia kumhukumu jirani wa leo.

Tusidhani pia kwamba zamani palikuwa na jicho jema zaidi. John Hanning Speke alipita Usui, nchi ambayo baadaye tuliijua kama sehemu ya Biharamulo, akafika Karagwe kwa mfalme Rumanika mwishoni mwa 1861. Katika kitabu chake cha 1863 anaeleza wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hadi wakashindwa kusimama. Mmoja, shemeji wa mfalme, alimpima kwa utepe: mkono karibu sentimita 58 kwa mzunguko, paja karibu 79. Hatuambiwi jina lake. Kuhusu mwingine anasema nyama ya mikono ilivyoning'inia kati ya viungo, na anaifananisha na chakula cha kwao cha kujazwa. Kando ya yule aliyepimwa ameketi binti wa miaka 16 akinywa maziwa, baba yake ameshika fimbo. Wapenzi wa "mwili wa Kiafrika" huutaja ukurasa huo kuthibitisha kwamba unene tuliuenzi. Mimi naiona fimbo. Unene ule ulikuwa umeamriwa, kama ambavyo wembamba wa mtandaoni unavyoamriwa sasa, na Speke na utepe wake ni babu wa watu wanaoandika kilo chini ya picha. Wote wanatupa vipimo bila kumwacha aliyepimwa aseme.

Maneno yetu ya leo nayo yana hukumu ndani. Mafuta ya kiunoni mtaani huitwa nyama uzembe, na hapo kesi imeshakwisha. Ngozi iliyobaki haina hata jina la kuitukana. Tunasema tu imelegea, na mlegevu ni mtu asiye na msimamo. Upasuaji wake unaitwa rekebishi, kana kwamba pana kosa la kurekebisha. Wanaojaribu kutusaidia wanatuletea amri nyingine: penda mwili wako. Naiona ni picha ya "kabla na baada" iliyohamishiwa moyoni. Kushoto nilijichukia, kulia najipenda, na katikati hakuna kitu. Kuna siku siipendi ngozi yangu na bado naikausha, naivisha, naenda nayo darasani.

Kiswahili, hata hivyo, kina neno moja linalosoma vizuri zaidi, nami nimelifundisha miaka kadhaa. Kwa desturi za pwani, mama aliyejifungua hufungwa mkaja, kitambaa cha kukaza tumbo. Binti yake akiposwa, miaka mingi baadaye, fungu la mama katika mahari huitwa mkaja vilevile, kama ambavyo la baba huitwa kilemba. Wanafunzi wangu Wahangaza na Washubi hawana desturi hiyo kwa jina hilo, ila wengi wamewaona mama zao wakijifunga kitenge tumboni baada ya kuzaa, na wanaielewa mara moja. Neno hilo halisemi kwamba tumbo lililegea kwa uzembe, wala halisemi kwamba ni zuri. Linasema kwamba tumbo lilifanya kazi, na kazi hiyo ina deni lake. Sidai kwamba kupungua ni sawa na kuzaa. Ninachodai ni kwamba lugha yetu imewahi kuitazama ngozi iliyolegea ikaiuliza ilikotoka, bila haraka ya kuificha.

Picha bora niliyoiona ya jambo hili haikuwekwa hadharani. Ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la sisi wenye kisukari, na mwanamke wa umri wa mama yangu anayeishi njia ya kwenda Kabanga. Ni mkono mmoja tu, umeinuliwa kuelekea tawi la mparachichi, na ngozi imening'inia yote, ina mistari, imepigwa na jua la saa nne. Uso hauonekani. Picha ya kushoto haipo. Chini hakuandika kilo. Aliandika sukari ya asubuhi hiyo, 6.2, na kwamba maparachichi yapo, anayetaka aje.

Kama kazi ya sanaa ina kasoro. Imepigwa vibaya, kidole kimeziba kona, na tawi linavutia jicho kuliko mkono. Lakini inafanya ambalo picha mia za "kabla na baada" hazikuweza: ngozi ipo kwenye kazi, na namba iliyotajwa ni ile inayohusu uhai. Wa kwanza kujibu aliuliza, "Mama, mbona umeisha hivyo?" Wa pili aliuliza parachichi moja anauza shilingi ngapi.