Hukumu ya Juma Moja: Uhakiki wa Nyimbo Mpya za Chati

Katika mijadala ya tanzu za uhakiki, safu ya kila juma inayotathmini nyimbo mpya za pop haitajwi, na inapotajwa hubezwa kuwa ni porojo za magazetini. Dharau hiyo haina msingi. Mwandishi wa safu hiyo hufanya kazi ambayo mhakiki wa chuoni aghalabu huikwepa: hutoa hukumu kabla wakati haujamwamulia.

Mfano wa Uingereza unafaa kuangaliwa. Tarehe 14 Novemba 1952 gazeti la New Musical Express lilichapisha chati ya kwanza nchini humo, iliyokusanywa kwa kuyapigia simu maduka yapatayo 20 ya santuri. Tangu hapo mhakiki akawa na mpinzani, yaani takwimu za mauzo. Aliyeikataa "Bohemian Rhapsody" ya Queen mwaka 1975, kwa kuwa inakaribia dakika 6 na haina kiitikio, aliiona ikikaa kileleni majuma 9. Je, chati ilimsuta? La hasha. Chati huhesabu wanunuzi. Haielezi ni vipi sehemu ya opera inakaa ndani ya wimbo wa roki bila kuuvunja. Swali hilo la muundo ni la mhakiki, na kosa lake si kutabiri vibaya bali ni kutolijibu.

Hapo ndipo safu nyingi huanguka, kwani nafasi finyu iliyopo humalizwa na mavazi na nywele za mwimbaji. Jarida la Smash Hits, lililotoka kati ya 1978 na 2006 na kudharauliwa kuwa la vijana wadogo, angalau lilichapisha maneno ya nyimbo, msomaji akawa na matini mkononi. (Neil Tennant, mmoja wa wahariri wake, alifika kileleni mwenyewe Januari 1986 kwa "West End Girls" ya Pet Shop Boys, wimbo ambao beti zake husemwa zaidi ya kuimbwa.)

Hata hivyo, matini pekee haitoshi. Hadhira ya taarab ya Mombasa hailitengi neno na sauti: fumbo likimgusa msikilizaji, huinuka na kumtunza mwimbaji papo hapo. Tuzo hiyo ni tathmini kamili, wala hakuna anayedai kwamba imetolewa kwa pupa.

Tangu 2014 chati ya Uingereza huhesabu pia usikilizaji wa intaneti, na mipaka ya upya imefifia. "Running Up That Hill" ya Kate Bush, iliyofika nafasi ya 3 mwaka 1985, ilishika ya 1 mwaka 2022 baada ya kutumiwa katika tamthilia ya Stranger Things. Wasikilizaji wa 2022 waliupokea ukiwa tayari umefungamana na picha na hofu za tamthilia hiyo. Anayetaka kujua ulivyosikika ukiwa sauti tupu hana budi kurudi kwenye safu za 1985, katika magazeti ambayo aghalabu huishia kufungia bidhaa.