Stoo iliyofutwa Uholanzi

Mliofuatilia kanuni za ujenzi za Uholanzi mnajua pa kuweka kidole: Januari 1, 2003. Siku hiyo Bouwbesluit mpya, yaani kanuni za ujenzi za nchi nzima, ilianza kutumika, na sharti la kila nyumba mpya kuwa na stoo, ambamo baiskeli huwekwa, likawa limefutwa. Limefutwa katika nchi ambayo baiskeli ni nyingi kuliko watu. Lilikuwa kosa, na sioni namna ya kulitetea.

Hoja ya waliolifuta mnaikumbuka. Kanuni zimezidi, zipunguzwe, soko litaamua, mnunuzi akitaka stoo, mjenzi ataijenga. Hoja hiyo haiulizi ni nani anayeshika kalamu. Mwendelezaji anauza mita za mraba za sebule na vyumba vya kulala, na stoo ya usawa wa barabara inakula nafasi ambayo angeipangisha kwa duka. Mnunuzi anayehangaika kupata nyumba hatageuka mlangoni kwa sababu ya stoo. Mpangaji ndiye hana sauti kabisa, maana mchoro hupitishwa kabla hata jina lake halijajulikana. Sharti la kanuni lilikuwa likimsemea yeye, nalo likaondolewa kwa jina la uhuru wake wa kuchagua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maegesho ya baiskeli hayaongezwi baadaye. Kodi ukiikosea, unaisahihisha kwenye bajeti ijayo. Jengo la ghorofa sita likishasimama bila chumba cha chini, nguzo ziko pale zilipo, mlango una upana wake, na lifti ina kina chake. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita 1.8. Isipoingia kwenye lifti, inaegemezwa kwenye korido na kuziba njia ya kukimbilia moto ukizuka, au inafungwa kwenye reli ya nje, inyeshewe na kuibiwa. Sharti lilirudishwa Aprili 1, 2012. Majengo yaliyopata vibali katika ile miaka tisa yataishi muda mrefu kuliko waziri yeyote aliyehusika.

Vipimo vya 2012 vilikuwa safi: mita za mraba 5, upana usiopungua 1.8, kimo 2.3, na mlango unaofungwa.

Ila kwa nyumba zisizozidi mita za mraba 50 kanuni iliruhusu stoo ya pamoja, mita 1.5 za mraba kwa kila nyumba. Pigeni hesabu. Usukani una upana wa sentimita 65 hivi. Uzidishe kwa urefu wa baiskeli, unapata karibu mita 1.2 za mraba, na bado hujaweka njia ya kupita. Hiyo ni baiskeli moja, wakati katika nyumba ya mita za mraba 50 huweza kuishi watu wawili. Ndipo mchoraji anapokimbilia rafu za ngazi mbili, ambazo nimezipinga katika safu hii tangu zamani na nitaendelea kuzipinga. Baiskeli ya umeme ina kilo 20 na zaidi. Mjamzito, mzee au mtoto wa miaka 10 hawezi kuipandisha juu. Baiskeli ya mizigo haipandi kabisa.

Halafu likaja la kustaajabisha. Toleo hilohilo la 2012, lililorudisha stoo za nyumba, liliondoa sharti la maegesho ya baiskeli kwenye ofisi, maduka na majengo mengine yasiyo ya makazi. Manispaa ziliachiwa zijipangie. Kosa la 2003 lilirudiwa ndani ya waraka uliokuja kulisahihisha.

Wachoraji wa miaka ya 1950 na 1960 hawakuyumba hivi. Tazameni magorofa marefu ya Bijlmermeer, Amsterdam: chini kumejaa stoo. Wakosoaji walilalamika kwamba usawa wa barabara ulikosa uhai, na walikuwa na haki. Lakini mkazi aliteremka, akafungua mlango, akaondoka na baiskeli yake. Wale wachoraji walijua mkazi atatumia nini kila asubuhi, wakaanzia hapo.

  

Sasa Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo ya 2024 kuhusu majengo, umezitaka nchi wanachama ziwe zimeweka sharti hili katika sheria zao ifikapo Mei 29, 2026: angalau nafasi mbili za baiskeli kwa kila nyumba katika majengo mapya ya makazi yenye zaidi ya nafasi tatu za magari. Ni hatua, lakini ugonjwa wa zamani haujapona, kwa sababu baiskeli bado inahesabiwa kupitia gari. Jengo lenye nafasi mbili tu za magari, ambalo wakazi wake ndio watakaohitaji baiskeli kuliko wote, kipengele hiki hakiligusi.

Wapangaji wa miji yetu hupenda kuitaja Uholanzi. Waitaje na kosa hili la stoo. Nanyi wasomaji, mkialikwa kutoa maoni juu ya mradi wa majengo Dodoma, Kisumu au kwingineko, msikubali maneno "nafasi ya kutosha ya baiskeli". Daini namba: mita ngapi za mraba kwa kila nyumba, mlango una upana gani, na kuna ngazi ngapi kutoka barabarani. Daini kabla kibali hakijagongwa mhuri.