Kimya cha Mwanafunzi: Nadharia za Kisaikolojia na Darasa la Kiswahili Juba

Utangulizi

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Juba kimya tunakijua vizuri. Mwalimu anauliza swali, wanafunzi wanainamia madaftari, na mwisho mwalimu anajijibu mwenyewe. Tunapotaka kukieleza kimya hicho tunakimbilia saikolojia: mwanafunzi hana motisha, ana mtazamo hasi, ana woga. Maneno hayo yamejaa katika tasnifu za wanafunzi wetu na katika ripoti zetu za mwisho wa muhula.

Makala haya yanahoji matumizi hayo. Sisemi kwamba nadharia za kisaikolojia hazifai. Ninachosema ni kwamba tumezoea zile zinazomchungulia mwanafunzi moyoni akiwa peke yake, tukaziacha zile zinazomtazama pamoja na anayemsikiliza. Na darasani, msikilizaji wa kwanza ni mwalimu.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992. Insha zake zilikuwa bora kuliko za wenzake wote, lakini darasani hakufungua mdomo. Katika fomu ya tathmini niliandika, "Hana motisha ya kuzungumza," nikampunguzia alama. Wiki chache baadaye nilimkuta soko la Konyo Konyo akipatana bei ya nyanya na mama mchuuzi kutoka Uganda. Kiswahili kilikuwa kinamtoka bila kigugumizi, na utani juu. Aliponiona alinisalimu kwa Kiarabu cha Juba, akalipa haraka, akaondoka.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka fomu yangu.

Nadharia za moyo wa mtu mmoja

Nadharia tunayoitaja zaidi ni ile ya Robert Gardner na Wallace Lambert, waliochunguza ujifunzaji wa Kifaransa nchini Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chao mwaka 1972. Wao waligawa motisha katika mafungu mawili: ya kujifunza lugha kwa ajili ya faida, kama vile kazi au mtihani, na ya kujifunza kwa kutaka kujumuika na wenye lugha hiyo. Mgawanyo huu una maana Kanada, ambako wenye Kifaransa wanajulikana ni nani na wanaishi wapi. Je, hapa Juba mwanafunzi wetu anataka kujumuika na nani? Mwenye lugha ni Mkenya, Mtanzania, Mkongomani, au ni jirani yake aliyerudi kutoka kambini? Tunaichukua hojaji ya Montreal, tunaitafsiri, kisha tunashangaa majibu yake hayatusaidii.

Nadharia ya pili ni ya Stephen Krashen, aliyeeleza mwaka 1982 kwamba wasiwasi na kutojiamini huwa kama chujio linalozuia lugha isimwingie mwanafunzi. Mfano huu wa chujio ni mzuri na walimu wanaupenda. Udhaifu wake ni kwamba unatuonyesha chujio bila kumtaja aliyeliweka. Katika kisa changu nilipaswa kujiuliza mapema. Wiki ya kwanza ya muhula mwanafunzi yule alijibu swali kwa Kiswahili cha kambini chenye maneno ya Sheng. Nilimsahihisha mbele ya wote, darasa likacheka, nami nikacheka kidogo. Sikumsikia tena. Krashen angesema chujio limepanda. Ni kweli, lakini mkono uliolipandisha ulikuwa wangu.

Udhaifu wa tatu ni wa hojaji zenyewe. Mwaka 1934 Richard LaPiere alichapisha matokeo ya safari zake nchini Marekani akiwa na mume na mke Wachina, wakati ambapo Wachina walibaguliwa sana. Walipita hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye mahali hapo akiwauliza kama wangewapokea Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Mtu alisema hili, akatenda lile. Kwetu mambo yamegeuka upande wa pili. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwezi Novemba 2021, wanafunzi wanakariri mashairi na kujaza fomu kwamba wanakipenda Kiswahili. Wakitoka ukumbini wanazungumza Kiarabu cha Juba. Fomu si za uongo. Zinapima tu kile mtu anachosema anapoulizwa, na hilo ni jambo tofauti na anachofanya sokoni.

Nadharia za watu wawili

Lambert huyohuyo alitupa pia chombo kingine ambacho tunakisahau. Mwaka 1960 yeye na wenzake waliwasikilizisha watu wa Montreal sauti zilizosoma kifungu kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Wasikilizaji hawakujua kwamba sauti za lugha zote mbili zilitoka kwa watu walewale. Waliwaona wasomaji wa Kiingereza kuwa na akili na hadhi zaidi, na hata Wafaransa wa Kanada wenyewe walihukumu hivyo. Yaani anayefungua kinywa hupimwa kabla maana ya maneno yake haijafika.

Hapa Juba kipimo hicho ni kikali, kwa sababu lugha ya mtu hutaja mahali alipokuwa wakati wa vita. Baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi mwezi Januari 2005, watu walirudi kutoka pande zote. Kiarabu cha darasani kilimtaja aliyesoma Khartoum. Kiswahili kilimtaja aliyekimbilia kusini. Hata Kiswahili chenyewe hakikurudi na sura moja. Aliyetoka Kenya alikijua kama lugha ya shule na ya marafiki. Aliyetoka Uganda huenda aliwasikia wenyeji wakikiita lugha ya askari, kwa kumbukumbu ya utawala wa Idi Amin wa 1971 hadi 1979.

Howard Giles, kuanzia mwaka 1973, alieleza kwamba wazungumzaji hurekebisha usemi wao ili kumkaribia msikilizaji au kujitenga naye. Naye Carol Myers-Scotton, katika kitabu chake cha 1993 kilichotumia mifano mingi kutoka Nairobi, alionyesha kwamba kubadili lugha katikati ya mazungumzo ni kujadiliana kuhusu haki na wajibu wa kila mmoja. Kwa nadharia hizi kisa cha nyanya kinaeleweka. Kwa mchuuzi, Kiswahili kilimkaribisha, na bei ikashuka. Nilipotokea mimi, Kiswahili kikawa lugha ya mtihani, naye akajitenga.

Nilimwita ofisini, nikamwomba radhi kwa kile kicheko. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nikiongea darasani kila mtu anajua mimi ni wa kambi. Sokoni hakuna anayeuliza." Katika saikolojia yote niliyoisoma nikiwa shahada ya uzamili sikupata maelezo mafupi kuliko hayo.

Hata hivyo, nadharia ya Giles nayo ina mpaka wake. Ilizaliwa Uingereza, ambako lafudhi inaweza kumkosesha mtu kazi au heshima. Desemba 2013 katika mitaa ya mji huu kulikuwa na watu walioulizwa swali kwa lugha fulani, na jibu lao likaamua kama wataishi. Wanafunzi wetu wengine walikuwa watoto wakati huo na waliyasikia hayo kwa masikio yao. Kwa mtu wa namna hiyo, kupima mazingira kabla ya kutamka ni busara aliyoilipia gharama. Mwalimu anayeiandika kuwa "mtazamo hasi" anafanya kosa la kitaaluma, na pia anamuumiza mtu.

Tufanye nini?

Icek Ajzen alipendekeza mwaka 1991 kwamba tendo hutabiriwa na mambo matatu: mtazamo wa mtu, jinsi anavyodhani watu wa karibu watamwona, na jinsi anavyojiona ana uwezo wa kulitenda. Idara yetu imeshughulika sana na jambo la kwanza. Tunahubiri uzuri wa Kiswahili na nafasi yake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016. Mahubiri hayo yamepokewa tayari. Mambo mawili yaliyobaki yako mikononi mwetu.

Ninapendekeza hatua tatu. Kwanza, tuache kutoa alama kwa kunyoosha mkono mbele ya darasa zima, tuwasikilize wanafunzi wakiwa wawiliwawili. Pili, Kiswahili cha kambini na cha sokoni kipokewe kama mtaji, usanifu ufundishwe juu yake bila kicheko. Tatu, tasnifu yoyote inayohitimisha kwamba wanafunzi "wana mtazamo hasi" ieleze ni mbele ya nani, wapi, na baada ya tukio gani.

Alama za mwanafunzi yule nilizirekebisha kabla matokeo hayajatoka. Katika muhula uliofuata alizungumza akiwa na mwenzake mmoja, kisha na watatu. Mbele ya darasa zima hakuzungumza hadi alipohitimu, nami sikumlazimisha. Wapo wenzangu wanaoona kwamba nilimlea vibaya, kwa kuwa mwalimu wa kesho hana budi kusimama mbele ya watu. Hoja hiyo ina uzito, na ninawakaribisha waijenge katika toleo lijalo.